Nilisoma 33 kumbe ni 38: kuomba maandishi makubwa kwenye mtihani wa ufundi ni kutaka kubebwa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 21, nasoma ushonaji na ubunifu wa mavazi katika chuo kimoja cha ufundi huku Nyanda za Juu Kusini. Nina ualbino. Macho yangu yana uoni hafifu, hayatulii, yanachezacheza, na mwanga mkali unaniumiza. Miwani ninayo, lakini hata nikiivaa sioni kama wenzangu.

Nilipofanya mtihani wa kidato cha nne nilipewa karatasi za maandishi makubwa na nikaongezewa muda: dakika 10 kwa kila saa, na kwenye Hisabati dakika 20 kwa kila saa. Sikuhangaika na chochote, mwalimu wangu wa sekondari ndiye aliyeshughulikia kila kitu. Sikujua kama ni jambo ambalo mtu anaweza kunyimwa.

Mwezi uliopita tulifanya mtihani wa majaribio wa vitendo. Kazi ilikuwa shati la kiume la mikono mirefu, kitambaa cha bluu iliyokolea na uzi wa rangi hiyohiyo. Karatasi ya vipimo ilikuwa fotokopi ya fotokopi, herufi ndogo, wino umefifia. Meza yangu ilielekea dirishani na jua la alasiri lilikuwa linanipiga usoni. Shingo iliandikwa sentimita 38. Mimi nikasoma 33. Nikakata kola ya 33, nikaishona vizuri, ncha zote mbili zikachongoka sawasawa, nikaipiga pasi. Nilipotaka kuipachika shingoni ikapelea. Kitambaa cha kukatia nyingine hakikuwepo, na muda ulikuwa umekwisha. Msimamizi akaandika kwenye fomu yangu: "Hajui vipimo."

Shangazi, vipimo navijua. Sare za shule za watoto wa mtaani kwetu nashona mimi.

Nikamfuata mwalimu, nikamwomba kwenye mtihani wa mwisho nipewe maandishi makubwa na muda kidogo. Akanijibu kwa upole tu: "Binti yangu, hayo yalikuwa ya sekondari. Huku ni ufundi. Mteja hatakuongezea muda." Wenzangu wawili waliosikia wakaanza kusema nataka kubebwa. Mama naye ananiambia nivumilie, mvumilivu hula mbivu, nisije nikaonekana msumbufu wakanifelisha. Mtihani umebaki miezi minne.

Je, ninachoomba ni upendeleo? Na kama ni haki yangu, naanzia wapi?

Mwanafunzi wa Ushonaji, Nyanda za Juu Kusini

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikifika kwenye hiyo kola nasimama. Nilifundisha ushonaji miaka 19 kabla sijastaafu. Kwenye shati, kola ndiyo inayomuumbua fundi. Mwanafunzi anaweza kunyoosha mishono ya ubavuni na kuficha makosa ya pindo, lakini akifika kwenye ncha za kola mkono wake unajisema wenyewe. Za kwako zilitoka sawasawa. Kilichoharibika ni tarakimu moja, na iliharibikia njiani, kati ya mashine ya fotokopi na jicho lako, kabla mkasi haujagusa kitambaa. Msimamizi angeandika "Hakuweza kusoma karatasi" angekuwa amesema kweli. Alichoandika kinakuchafulia jina katika jambo unaloliweza.

Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: hapana, si upendeleo. Upendeleo ungekuwa kumwambia msimamizi akubali kola ya 33 kwenye shingo ya 38 kwa sababu una ualbino. Hilo hukuliomba, na mimi ningekukatalia. Shingo ya 38 ibaki 38, nafasi ya mshono ilingane mwanzo hadi mwisho, tundu la kifungo lipokee kifungo chake, pasi isiache mkunjo. Hicho ndicho kipimo cha fundi na hakishushwi kwa mtu yeyote. Unachoomba ni kwamba swali likufikie kama linavyowafikia wengine, ili makosa utakayofanya, ukifanya, yawe ya kwako.

Sasa hili la "mteja hatakuongezea muda". Nimelisikia sana vyuoni, na wanaolisema wengi ni walimu wazuri wanaowatakia vijana wao mema. Lakini hebu litazame kwa karibu. Mteja akija nyumbani kwenu, nani anampima? Wewe. Nani anaandika vipimo? Wewe, kwenye daftari lako, kwa ukubwa wa herufi unaoutaka. Cherehani umeiweka wapi? Nina hakika mgongo umeupa dirisha. Taa umeisogeza hadi karibu na sindano. Kitambaa cheusi umekishona asubuhi, macho yakiwa hayajachoka. Fundi yeyote duniani hujipangia hivyo, awe anaona vizuri au haoni vizuri. Ni kwenye chumba cha mtihani tu anapopewa meza asiyoichagua, karatasi asiyoiandika na saa asiyoipanga. Kwa hiyo ukipewa karatasi inayosomeka na meza iliyogeuzwa, mtihani wako ndio unakaribia kazi halisi. Mwalimu wako ametumia mfano wa mteja, nawe unaweza kumrudishia mfano huohuo, kwa heshima.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalielewi kuhusu macho ya mtu mwenye ualbino, na inabidi ulieleze mwenyewe bila kuona aibu. Wanadhani miwani inamaliza kila kitu. Upungufu wa melanini huathiri jicho tangu linapoumbwa, hasa ile sehemu ya nyuma inayotupa kuona vitu vidogo kwa usahihi. Miwani inasaidia, lakini haiwezi kuijenga upya sehemu hiyo. Ndiyo maana unahitaji maandishi makubwa hata ukiwa na miwani nzuri kuliko zote. Usipolisema hili, msimamizi atakutazama na miwani yako atajiuliza unataka nini tena.

Tuje kwenye mambo yenyewe ya kuomba. "Naomba msaada" haitoshi, maana kila mtu ataielewa anavyotaka.

Karatasi kwanza. Usiombe ikuzwe kwa fotokopi tu. Kukuza A4 kuwa A3 kunaongeza urefu wa herufi kwa asilimia 41 tu, na kama nakala imefifia utapata ukungu mkubwa badala ya ukungu mdogo, tena juu ya karatasi itakayofunika nusu ya meza yako ya kukatia. Omba ichapwe upya, herufi za pointi 18 au zaidi, wino mweusi uliokolea, na vipimo viwekwe kwenye jedwali, kila kimoja na mstari wake. Michoro nayo ichorwe kwa mistari minene. Kama hili litashindikana, omba msomaji: mtu wa kukusomea maswali na tarakimu kama zilivyo, bila kueleza maana. Msomaji asiwe mwalimu wako wa ushonaji, asije akaambiwa alikudokezea.

Kisha mahali. Meza isielekee dirishani, taa ya mezani au ya kwenye cherehani iwepo, uruhusiwe kuvaa kofia na kutumia kioo chako cha kukuzia. Haya hayagharimu hata shilingi elfu hamsini, na mengine hayagharimu kitu. Nakumbuka chumba kimoja tulichogeuza meza zote za wanafunzi kwa ajili ya kijana mmoja, na wenzake wote wakasema sasa wanaona vizuri zaidi.

Kwenye uzi na kitambaa panahitaji akili. Usiombe ubadilishiwe rangi ya uzi, kwa sababu kuoanisha uzi na kitambaa ni sehemu ya kazi, na msimamizi akikataa atakuwa na sababu. Omba uruhusiwe kushikiza kwa uzi mweupe kwanza, ushone juu yake, kisha ufumue ule mweupe. Mafundi wa suti hushikiza hivyo siku zote. Chaki nayo iwe nyeupe au ya njano, yenye ncha. Kwenye bamba la cherehani, bandika kipande cha utepe wa rangi kali sentimita 1.5 kutoka kwenye sindano, na nafasi yako ya mshono itafuata ukingo huo hata macho yakichoka. Futi kamba yako itie pini ya stepla kila sentimita 10, uweze kuhesabu kwa kidole. Kisha, tafadhali, anza kuvitumia vitu hivi wiki hii darasani. Kifaa unachokigusa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani kitakupotezea muda, na msimamizi akiambiwa "huyu hufanya kazi hivi kila siku" hubishana kidogo.

Muda ndio mgumu zaidi. Zile dakika 10 na 20 ulizopewa kidato cha nne ni utaratibu wa Baraza la Mitihani la Tanzania kwa mitihani yake. Usiende chuoni ukasema ni zako kokote uendako. Zitumie kama mfano: nchi hii tayari imekubali kwamba jicho lenye uoni hafifu linahitaji muda zaidi kusoma, na imekubali kwa tarakimu. Kwenye nadharia ya saa 3, kwa kipimo hicho, ungeongezewa nusu saa. Kwenye vitendo inategemea. Mafunzo yetu ya ufundi stadi yanazingatia umahiri, kwa hiyo muulize mwalimu wako: kipimo cha kazi hii kinataja muda? Kama kimeandikwa kwamba fundi lazima amalize kazi fulani ndani ya saa kadhaa, basi kasi ni sehemu ya kinachopimwa na huna budi kuifikia. Kama hakitaji, basi yale masaa ni ratiba tu ya chumba, na ratiba hupangwa upya. Mara nyingi kinachozuia ni vyerehani: kundi la mchana linasubiri mashine zilezile. Omba basi uwekwe kundi la mwisho la siku, au upewe mashine ya pembeni. Na kama tatizo lako ni macho kuchoka, omba mapumziko mafupi ambayo saa yako inasimamishwa. Hayo ni tofauti na muda wa ziada, na wasimamizi huyakubali kwa urahisi kwa sababu muda wa kazi unabaki uleule wa wenzako.

Mwanangu, nitakueleza kwa nini nalishikilia jambo hili. Chuo nilichofundisha kilikuwa na kijana kiziwi karakana ya useremala. Siku ya vitendo, mbao zilizoletwa zilikuwa fupi kuliko ilivyoandikwa kwenye karatasi, na msimamizi akatangaza kwa sauti kwamba miguu ya stuli ipunguzwe sentimita 2. Vijana wote wakasikia. Yeye alikuwa ameinama anapiga randa, mgongo kwa msimamizi. Akaendelea na kipimo cha kwenye karatasi, mbao ikamwishia mguu wa nne. Nilikuwa napita nje, nikamwona amesimama na miguu mitatu mkononi, anatazama stuli za wenzake moja baada ya nyingine, anajaribu kuelewa zimepunguaje. Hakuna aliyemfanyia ubaya kwa makusudi. Lakini hakuna aliyekuwa ameandika kwamba kila tangazo liandikwe ubaoni na aguswe bega. Mwaka uliofuata walimletea mkalimani wa lugha ya alama, mtu mzuri, lakini hakuwahi kuingia karakana. Swali likauliza jina la kifaa cha kutoboa tundu la kiungo kwenye mbao, naye alipolitafsiri mikono yake ikaonyesha patasi ikigongwa. Jibu likawa limetajwa. Ikabidi swali lifutwe. Tangu hapo nikajifunza kwamba mambo haya hayapangwi asubuhi ya mtihani. Mkalimani akae karakanani wiki kadhaa kabla, ajue ni wapi aoneshe kwa alama na ni wapi amweleze kijana kwa njia nyingine.

Sheria iko upande wako, na ni vizuri uitaje kwa jina. Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayompa mtu mwenye ulemavu haki sawa na wananchi wengine katika elimu na mafunzo. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Ibara yake ya 24 inayataja mafunzo ya ufundi waziwazi, na kusema mtu apate mabadiliko yanayofaa kwa hali yake ili asome sawa na wengine. Kwa hiyo "huku ni ufundi" haiwezi kuwa sababu ya kukunyima. Ufundi umetajwa.

Anza na taarifa ya daktari wa macho, na iwe ya karibuni. Anzia hospitali ya mkoa. CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi zina idara za macho zinazojulikana, ukiweza kufika. Mwombe daktari asiishie kwenye jina la tatizo. Aandike unasoma herufi za ukubwa gani, kwa umbali gani, na mwanga unakuathirije. Kisha andika barua kwa mkuu wa chuo kupitia kwa mwalimu wako wa darasa, uombe nakala iende kwa mamlaka inayosimamia mtihani wenu. Iwe fupi, kwa mfano hivi:

"YAH: MAOMBI YA UTARATIBU MAALUMU KWENYE MTIHANI WA MWISHO. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanafunzi wa ushonaji mwenye uoni hafifu unaotokana na ualbino. Naomba kufanya mtihani kwa kipimo kilekile cha wenzangu, kwa utaratibu ufuatao: karatasi za maandishi ya pointi 18, meza isiyoelekea dirisha, yenye taa, ruhusa ya kutumia kioo cha kukuzia na kofia, ruhusa ya kushikiza kwa uzi mweupe, na muda wa ziada au mapumziko kama daktari alivyoshauri. Kwenye mtihani wa kidato cha nne nilifanya kwa utaratibu wa namna hii. Naambatanisha taarifa ya daktari. Naomba jibu kwa maandishi."

Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa pamoja na tarehe. Miezi minne inaonekana mingi, lakini karatasi za mtihani huandaliwa mapema, na ombi likifika zikiwa zimeshachapwa utaambiwa umechelewa. Iwe ndani ya wiki mbili hizi.

Zikipita wiki tatu bila jibu, au ukikataliwa, omba sababu kwa maandishi. Usiende kugombana. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na umwonyeshe nakala zako. Chama cha Watu Wenye Ualbino Tanzania wanaweza kukusindikiza, na SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, wanayajua mambo haya. Ikishindikana kabisa, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora hupokea malalamiko ya wananchi. Mimi sidhani utafika huko. Mwalimu aliyekujibu kwa upole huwa hajakataa, amekosa tu kuona karatasi inayomwambia afanye nini.

Mama yako usimbishie. Anaogopa, na ana sababu zake za kuogopa kwa mtoto kama wewe. Mwambie umemsikia, kisha msomee barua hiyo kabla hujaipeleka, aone hakuna mahali umemtukana mtu. Uvumilivu umeshaufanya, umevumilia macho hayo miaka 21. Lile la kufelishwa kwa kuuliza, barua yenye muhuri inakulinda kuliko ukimya: ukinyamaza, fomu inayosema "Hajui vipimo" ndiyo itakayobaki kuwa maelezo pekee kuhusu wewe.

Na wale wenzako wawili, waalike siku moja. Wape ile fotokopi, wakae kwenye ile meza saa tisa alasiri, wasome shingo. Sina haja ya kuwaambia zaidi.

Ile kola bado unayo? Usiifumue. Itie kwenye bahasha pamoja na karatasi ya vipimo na ile fomu ya msimamizi, na siku ya kupeleka barua uiweke juu ya meza ya mkuu wa chuo. Mwombe achukue futi kamba aipime mwenyewe, kisha asome namba iliyo kwenye karatasi.

Shangazi